Kabla mzazi wako hajaanza dawa ya usingizi

Diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, si Panadol. Usimtume mtoto kemisti akainunue, iandikwe na daktari. Pombe na dawa hii havikai tumbo moja, iwe chang'aa, busaa au bia: pumzi inaweza kukatika. Dawa zote anazomeza ziandike, za presha, za sukari, hata za kienyeji, uende na orodha hiyo.

Halafu tafuta karatasi ya altrasaundi. Hapa ndipo tulipoumia. Mama yangu, anayekaa Kondele, Kisumu, alipigwa picha ya tumbo tukaambiwa ini lina mafuta. Hakuwa na maumivu, basi karatasi ikakunjwa ikawekwa sandukuni chini ya leso. Mwaka uliofuata usingizi ulimpotea, akaandikiwa diazepamu, miligramu 5 kila usiku. Habari za ini hakuna aliyeuliza, nasi hatukusema. Wiki ya kwanza alilala vizuri, tukafurahi. Wiki ya tatu akawa anasinzia kijiko cha uji kikiwa mkononi, maneno yanamtoka mazito. Tukasema ni uzee. Alfajiri moja akienda choo alianguka, nyonga ikavunjika.

Alipopimwa upya, ini lilishaota makovu. Mafuta yakikaa miaka bila kushughulikiwa yanaweza kufika huko, na ini ndilo linaloivunja diazepamu. Mwaka 1975 Ulrich Klotz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walionyesha kwamba nusu ya dawa hiyo humtoka kijana wa miaka 20 kwa saa 20 hivi, lakini mzee wa miaka 80 huchukua karibu saa 90. Kwa wenye ini la makovu, muda ulizidi mara mbili. Mama alikuwa na vyote viwili, uzee na makovu. Kila usiku kidonge kipya kilikikuta cha jana bado kimo.

Kwa hiyo muulize daktari kama kuna dawa nyingine. Lorazepamu, kwa mfano, ini dhaifu huimudu zaidi. Kama mzazi ameshaizoea diazepamu, usimkatize ghafla, anaweza kupata kifafa. Ipunguzwe polepole chini ya daktari. Acha taa njia ya choo, ondoa mikeka inayoteleza. Asubuhi zungumza naye, usikilize ulimi wake. Na akienda kuingizwa kamera ya tumbo au kupasuliwa, mpe anayemdunga sindano ya usingizi karatasi ya ini mkononi, hata kama hajaiuliza.