Jinsi ya kuomba mipangilio ya mizani na vifaa vya ugezi ifungwe

Mwongozo huu ni wa mafundi na wakuu wa maabara za Kampala, Jinja au Mbarara ambao vifaa vyao hushikwa na watu wengi. ISO/IEC 17025 ya mwaka 2017, yaani kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji na ugezi (kulinganisha usomaji wa kifaa na kipimo cha rejea), katika kifungu cha 6.4.12, inaitaka maabara ichukue hatua za kuzuia marekebisho yasiyokusudiwa yasiharibu matokeo. Ufunge kwa njia gani, imekuachia wewe.

Fomu isubiri, anza na orodha. Andika kila kifaa, namba yake na chumba kilipo, kisha onyesha nini kifungwe na nini kibaki wazi. Kitufe cha sifuri na cha kutoa uzito wa chombo viache, la sivyo utagongewa mlango siku nzima. Funga vinavyogusa jibu lenyewe: menyu ya ugezi, vizio, idadi ya desimali, na pia tarehe na saa. Hizi mbili husahaulika, ilhali ndizo zinazochapwa kwenye karatasi ya matokeo.

Ombi lipeleke kwa meneja wa ubora, likitaja nani atabaki na ruhusa na nani atamshikia nafasi akiwa likizo. Akishasaini, usifunge bado. Pima kwanza kwa mawe ya rejea yenye cheti, uandike ulichokikuta. Mizani yenye kosa ukiifunga, umelifungia kosa ndani.

Sasa badilisha nywila ya kiwandani, maana ile iko kwenye kitabu cha maelekezo na kila fundi anaijua. Kama swichi ya ugezi iko chini ya kifuniko, weka waya na lakiri, au stika inayochanika ikibanduliwa. Mizani nyingi za kielektroniki zina kihesabio kinachopanda kila marekebisho yanapofanywa, wala hakirudi nyuma. Andika namba hiyo kwenye daftari la kifaa. Leo ni 0014. Ukikuta 0015 na hakuna fomu, una mtu wa kumuuliza.

Ruhusa ya muda nayo iombwe kwa maandishi. Mizani iliyorekebishwa Entebbe, kando ya ziwa, ikipelekwa Kabale milimani, mvutano wa dunia hupungua kidogo, na mzigo wa kilo 10 unaweza kusomeka pungufu kwa zaidi ya gramu moja. Fundi lazima aifungulie huko huko airekebishe upya. Fomu itaje siku, kazi na namba ya kihesabio kabla na baada.

Mizani ya biashara, kama ya kununulia kahawa, ina utaratibu wake: lakiri yake ni ya UNBS, shirika la viwango la taifa la Uganda, si yako. Fundi akiikata ili aitengeneze, isirudi kazini mpaka ihakikiwe upya. Ombi la uhakiki hupelekwa UNBS wenyewe, ambao makao yao makuu yako Bweyogerere.