Kudurusu kwa mtihani wa udaktari wa meno: anza na 36

Madesa ya miaka mitatu hayasomeki kwa mwezi mmoja ukianzia ukurasa wa kwanza. Utachokea kwenye embriolojia, na dawa utazikuta usiku wa kuamkia pepa. Chukua jino moja, ulifuate mpaka liishe. Lenye mengi ni gego la kwanza la kudumu, chini kushoto: 36. Litamke tatu-sita, maana tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni nafasi ya jino kuanzia katikati. Kushoto ni kwa mgonjwa, si kwako.

Anza na umri. Huota karibu na miaka 6, nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Ndiyo maana mzazi wa Urambo au Uvinza hulidhani la utoto na kuliacha lioze. Ncha za mizizi yake hufunga kwenye miaka 9 hadi 10. Kwa hiyo swali likimtaja mtoto wa miaka 7 na kiini (nyama laini ya ndani ya jino) bado kiko hai, usikimbilie kusafisha mizizi kama ya mtu mzima. Jibu ni kulinda kiini ili mzizi umalize kukua.

Sasa neva. Kwenye karatasi tupu, bila daftari, chora neva ya tano ya kichwa, inayohisi uso na meno, na matawi yake matatu. Tawi la taya la chini hutokea tundu la ovale, chini ya fuvu. Kung'oa 36 kunahitaji ganzi kwenye neva tatu: ya alveoli ya chini kwa jino lenyewe, ya ulimi kwa ufizi wa ndani, na ya shavu kwa ufizi wa nje. Wengi husahau ya shavu. Mdomo umekufa ganzi kabisa, lakini koleo likigusa ufizi mgonjwa anaruka. Kwa mtoto, tundu la neva kwenye taya liko chini zaidi, basi sindano ishushwe. Ikipita nyuma mno ikaingia parotidi, tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, ganzi hufika neva ya saba, inayoendesha misuli ya uso: uso unalegea, jicho halifumbi. Jicho lifunikwe, mgonjwa aelezwe kuwa hali hiyo itaisha ganzi ikiisha.

Hesabu ya ganzi ndiyo inayopoteza alama za bure. Lidokaini ya asilimia 2 ni gramu 2 kwenye mililita 100, yaani miligramu 20 kwa mililita. Kichupa cha mililita 1.8 kina miligramu 36, cha 2.2 kina 44. Ukitumia kikomo cha miligramu 4.4 kwa kilo, mtoto wa kilo 20 anaishia 88: vichupa 2 vya mililita 2.2, au 2.4 vya 1.8. Ukikariri "2.4" bila kusoma ujazo, kwa vichupa vikubwa umempa zaidi ya miligramu 105. Andika hatua zote, hata kama jibu unalijua. Na 88 ni dari. Toa kinachotosha tu.

Lugha ya mgonjwa nayo idurusiwe. Anayesema meno yamekufa ganzi baada ya embe bichi analalamikia msisimko wa meno, wala si kutohisi. "Linapwita usiku, silali" linaelekeza kwenye kiini kisichopona tena.

Usaha: mizizi ya 36 kwa kawaida iko juu ya mstari wa mailohioidi (ukingo wa ndani wa taya unaposhikia msuli wa sakafu ya kinywa), ya 37 na 38, magego ya nyuma yake, iko chini ya mstari huo, ndiko usaha unakoshukia shingoni. Uvimbe ukiwa pande zote mbili, ulimi umeinuka na mate yanadondoka, jibu la kwanza ni njia ya hewa. Jino litasubiri.

Usiache limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayohusishwa na malaria. Ukanda wetu una malaria, na mtoto mwenye taya lililovimba haraka na magego yanayolegea bila kutoboka asing'olewe meno na kurudishwa nyumbani; apewe rufaa ya haraka.

Rudia mchoro kesho, kisha baada ya siku 3, kisha 7, kila mara kwenye karatasi mpya. Ulipokwama ndipo pa kusoma. Mwenzako akusomee malalamiko kwa maneno ya mgonjwa, ujibu kwa sauti ndani ya dakika 5. Ukishalimaliza 36, hamia 13, chonge la juu kulia.