Unajua kuchora na unapenda habari za watu? Anzia mtaani kwako, hapahapa Mombasa

Sanaa, anthropolojia (kusoma maisha na mila za watu) na kazi ya jamii waweza kuzifanya kwa mpigo mmoja, ila kamera iwache nyumbani kwanza. Beba penseli na daftari. Kamera watu wengi hawaipendi (na feri ya Likoni ukiitoa tu askari ushakuwa naye), lakini ukikaa umeinamia daftari lazima mtu aje achungulie, na akichungulia ataongea.

Chagua kitu kimoja. Usiniambie wachora "utamaduni wa Mswahili", hiyo haina mwisho. Na Fort Jesus pia iwache, yatosha kuchorwa, na tangu 2011 iko kwenye urithi wa dunia. Chukua milango ya nakshi ya Mji wa Kale, au majina ya leso pale Biashara Street, au jahazi.

Tuseme jahazi. Asojua huchora mlingoti umesimama wima kabisa, sasa mzee akipita atakwambia we mwanangu, mlingoti walalia omo (mbele ya chombo), na hiyo foromali (boriti inayobeba tanga) mbona umeifunga hivo? Usifute! Chora nyengine pembeni, ile ya kwanza iwache na uandike alivosema kwa maneno yake, usiyanyooshe yawe ya kitabu. Anthropolojia yenyewe iko hapo kwenye kukosolewa, manake ukishakosolewa waweza kuuliza sasa, alifunzwa na nani, nani alikuwa haruhusiwi kupanda chombo, kaskazi ikivuma walikuwa wapokea vyombo vya wapi na kusi ikiingia walikuwa wala nini.

Kabla ya hayo yote pita kwa mzee wa mtaa umueleze, alafu barazani toa salamu, shikamoo kwa wakubwa, kaa kitako, na kahawa tungu na kashata nunulia baraza nzima. Ukiwa mwanamume usitarajie kuingia ndani kuchora bi harusi akitiwa hina, tafuta dada mshirikiane. Ukienda upande wa makaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda) ndo uwe na adabu zaidi, vigango vyao (nguzo za mbao za kukumbuka wafu) viliibiwa vikaishia makumbusho za Marekani na ni baadhi tu vimerudishwa, kwahivo wazee wakikutilia shaka wana haki.

Picha ya mtu au sauti yake omba ruhusa na umwambie itaenda wapi, kuna sheria ya kulinda data ya 2019. Kama ni utafiti rasmi, kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi) kitafute mapema.

Sasa upande wa jamii. Mimi napenda ramani: tandika karatasi kubwa chini, kila mtu atie visima, nyumba zilobomolewa, mahali alipocheza utotoni. Wakina mama wafanye yao mbali na wavuvi, alafu ziweke pamoja uone zinavotofautiana, na ubishi utakaozuka hapo urekodi (wakikubali), utamu wote uko humo. Ramani kama hiyo mtaa waweza kwenda nayo kwenye kikao cha kaunti mtu akitaka kumega uwanja.

Maonyesho usiyapeleke hotelini. Tundika barazani baada ya alasiri, andika jina la kila aliyekukosoa kama ataka litajwe, na kila mmoja mpe kopi yake. Laminetisha hizo kopi, unyevu wa bahari hapa unakunja karatasi haraka sana.