Kupanga begi la Sirimon: makosa yaliyonigharimu Mlima Kenya

Wiki iliyopita mpwa wangu alimwaga vitu vyake sebuleni kwangu akasema, "Mjomba, nisaidie, Ijumaa naenda Sirimon." Sirimon ni mojawapo ya njia za kupanda Mlima Kenya. Kwenye vitu hivyo mlikuwa na jinzi mbili, kilo mbili za maharagwe makavu na chupa sita za maji za dukani. Karibu kila kitu nilichobeba mimi mara ya kwanza. Tulipanga upya jioni nzima, na hivi ndivyo tulivyofanya. Ni kwa anayebeba mzigo wake mwenyewe bila mpagazi. Mambo ya malipo ya geti na kusimika hema nayaacha.

Hatua ya 1: Pima mzigo

Simama kwenye mizani bila begi, kisha ukiwa nalo, maji yakiwemo. Likizidi robo ya uzito wako, toa vitu. Mimi nilikuwa na kilo 64 nikabeba 23. Kilomita 9 kutoka geti hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, zilinimaliza kabla sijauona mlima wenyewe.

Hatua ya 2: Nguo

Jinzi ibaki nyumbani. Pamba ikilowa huko juu haikauki. Nenda Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, utafute sweta za sufu na suruali nyepesi ya nailoni. Seti moja ya kutembelea, nyingine ya kulalia. Ya kulalia haivaliwi mchana, hata ulowe namna gani.

Hatua ya 3: Zuia maji ndani ya begi, si nje

Hapa tafadhali soma polepole.

Safari yangu ya pili ilikuwa Novemba, msimu wa vuli. Mvua ilianza mchana, tukiwa tumeshaondoka Old Moses, ikatufuata hadi kambi ya Shipton, mita 4,200. Begi langu lilikuwa na kifuniko kizuri cha mvua, na nilikiamini. Lakini kifuniko hakifuniki upande unaogusa mgongo. Maji yaliteremka kutoka shingoni, yakapita kati ya mgongo na begi, yakakusanyika kitakoni mwa kifuniko kama kwenye bakuli. Na kitakoni ndiko nilikoweka fuko la kulalia.

Lilikuwa la manyoya ya bata. Manyoya yakilowa hushikamana, na joto lote linapotea. Nilikaa karibu saa tatu nikilishikilia juu ya jiko la gesi, na gesi ikaisha fuko likiwa bado limelowa. Usifanye hivyo kamwe, hasa ndani ya hema: moto wa jiko hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na inaua. Usiku ule nilipona kwa sababu wapandaji wawili walinipa blanketi lao la ziada. Alfajiri nilianza kushuka, sikufika kilele cha Lenana.

Tangu hapo natumia mfuko mmoja mkubwa wa turubai unaokunjwa mdomo, kama ule wa watu wa boti, na unakaa ndani ya begi. Mifuko ya plastiki usiitegemee. Ile ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi, zikiwemo zile chupa za mpwa wangu. Nunua chupa ya kudumu.

Ndani ya mfuko huo weka fuko la kulalia, nguo za kulalia na soksi kavu, basi. Usijaze zaidi ya robo tatu, maana mdomo hautakunjika. Toa hewa kwa kuukalia, kunja mara tatu, kisha funga. Kabla ya safari weka gazeti ndani, uuzamishe kwenye ndoo ya maji kwa dakika kumi. Gazeti likitoka na unyevu, tafuta mfuko mwingine. Hema lililolowa lifungwe nje ya begi. Koti la mvua likae juu kabisa, usije ukafungua begi zima mvuani kulitafuta.

Na kama bado hujanunua fuko, chukua la nyuzi za viwandani. Ni zito kidogo, lakini hata likilowa linakuachia joto kiasi. Katika mlima wa mvua za mchana kama huu, sioni sababu ya kumshauri anayeanza anunue la manyoya.

Hatua ya 4: Chakula na jiko

Shipton maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, kwa hiyo maharagwe yatakumalizia gesi bila kuiva. Beba vinavyoiva upesi: uji, tambi nyembamba, dagaa waliokaangwa nyumbani. Mtungi wa gesi lala nao, kwa sababu butani, gesi iliyomo ndani, karibu na nyuzi sifuri haitoki vizuri.

Hatua ya 5: Lala Old Moses siku mbili

Siku ya pili panda hadi mita 3,700 hivi, kisha rudi kulala palepale, ili mwili uzoee hewa nyepesi ya juu. Kichwa kikiuma kidogo, pumzika, unywe maji, usipande zaidi mpaka kitulie. Mwenzako akianza kuyumba anapotembea, au kukohoa huku akikosa pumzi hata akiwa amekaa, msingoje kukuche. Shukeni usiku huohuo, na begi lake mbebe nyinyi.