Mambo ya Kuzingatia Ili Pikipiki Yako Ionekane Kabla Hujaingia Barabarani

Dereva wa gari anayeigonga pikipiki kwenye makutano mara nyingi husema hakuiona, na mara nyingi anasema kweli. Pikipiki ni nyembamba kiasi kwamba nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele cha gari inaweza kuificha yote, na hata inapoonekana, udogo wake humfanya dereva adhani kuwa iko mbali zaidi na inakuja polepole kuliko ilivyo. Ndiyo maana mwendesha bodaboda anapaswa kushughulikia suala la kuonekana akiwa bado nyumbani au kijiweni, kabla hajawasha injini.

Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004, uliwalinganisha waendeshaji waliopata ajali na wengine waliopita barabara za eneo hilo hilo. Waliovaa mavazi ya rangi kali au ya kuakisi mwanga walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 37 hivi, waliowasha taa ya mbele mchana asilimia 27, na waliovaa helmeti nyeupe asilimia 24 wakilinganishwa na wenye helmeti nyeusi. Kwa maoni yangu, kwa gharama ya koti na helmeti, hiyo ni faida kubwa mno kupuuzwa.

Anza basi na koti la reflekta, ukijua kwamba lina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Kitambaa chake cha njano au cha chungwa huonekana vizuri mchana, lakini gizani hakisaidii kitu. Usiku kazi hufanywa na mistari ya fedha, ambayo hurudisha mwanga kule ulikotoka. Mistari hiyo huchakaa kwa vumbi, grisi na kufuliwa mara nyingi, na koti linaweza kubaki na rangi nzuri ilhali mistari imekufa. Ili kulipima, litundike mahali penye giza, rudi nyuma hatua kama thelathini, kisha limulike kwa tochi uliyoishika usawa wa macho. Mistari isipong'aa, tafuta koti jingine.

Kuna jambo ambalo husahaulika hata na waendeshaji makini: ukishapakia abiria, mgongo wako hauonekani tena, hivyo reflekta ya nyuma inayofanya kazi ni ile aliyovaa abiria. Kanuni za mwaka 2015 nchini Kenya zilimtaka abiria naye avae koti hilo, na ni sharti la haki kabisa. Gunia la mkaa, kreti za soda au begi la mgongoni huziba vilevile, na koti la mvua lililovaliwa juu ya reflekta huifuta kazi yake wakati inapohitajika zaidi. Bandika utepe wa kuakisi mwanga ubavuni mwa pikipiki na kwenye boksi la mizigo, na kabla ya kuondoka simama nyuma uhakikishe kwamba mzigo haujafunika taa.

Taa ya mbele iwashwe hata mchana, ikiwa imeelekezwa chini kidogo isiwapofushe wanaokuja. Jaribu taa ya breki kwa mkono, kisha kwa mguu, kwa sababu kila breki huwa na swichi yake na moja inaweza kufa bila wewe kujua. Kagua indiketa zote nne.

Katika nchi zetu za ikweta giza huingia haraka baada ya jua kuzama, kwa hiyo ukaguzi huu ufanywe alasiri, fundi akiwa bado kazini. Ikiwa taa ya nyuma imegoma na balbu haijapatikana, safari ya usiku iahirishwe, hata kama abiria amekwisha kukubali nauli.