Majivu ya kuni yalale kwanza kwenye debe

Ukizoa majivu ya jiko la kuni, usiyatie kwenye ndoo ya plastiki wala kuyamwaga jalalani siku hiyohiyo. Yatie kwenye debe la bati lenye mfuniko, uliweke nje juu ya udongo, mbali na ukuta wa makuti, likae siku 4. Kaa la moto likifunikwa na majivu hubaki hai muda mrefu, hata ukigusa juu ni baridi. Mfuniko hulinyima hewa, likazimika. Debe lililotoboka halifai kabisa, hewa inapenya. Yakishapoa, nyunyizia kiganja kimoja kuzunguka mgomba au sukuma wiki. Viazi mviringo usivitilie: majivu hupunguza uchachu wa udongo, viazi vikatoka vipele.