Kufika Bugala kabla ya giza: mwongozo kwa mgeni wa Ssese

Kazi yangu ni kupokea wageni Lutoboka, kwenye gati la kisiwa cha Bugala, katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, na kuwafikisha vyumbani kwao. Wanatoka Kampala, Nairobi, Kigali, Goma, na wengi wao hukosea mahali pamoja: siku tatu za likizo wamezipanga vizuri, ila jioni ya kwanza hawakuifikiria. Meli ya kutoka Entebbe huondoka saa nane mchana na kutumia kama saa tatu na nusu. Unashuka saa kumi na moja na nusu hivi. Sisi tuko kusini kidogo tu mwa Ikweta, jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na likishazama giza haliombi ruhusa. Unazo dakika 90 za kujipanga.

Hatua ya 1: Chagua njia

Ssese ni visiwa 84, na Bugala ndicho kikubwa kuliko vyote. Asiye na gari apande meli ya MV Kalangala kwenye gati la Nakiwogo, Entebbe. Mwenye gari apitie Masaka, aendelee kama kilomita 40 hadi Bukakata, avuke kwa feri mpaka Luku. Feri hiyo hailipishwi, wewe wala gari lako, na inavuka mara kadhaa kwa siku. Kuna pia boti za mbao zenye mashine. Mimi sizipendekezi kwa mgeni. Ukilazimika kupanda, vaa jaketi la kuokolea ungali nchi kavu na ulifunge. Likiwa limekaliwa kama mto halitakusaidia.

Hatua ya 2: Rekebisha saa yako

Usicheke. Kigali na Goma ziko nyuma yetu kwa saa nzima. Nilikuwa na mgeni kutoka Goma aliyefika Nakiwogo akitabasamu, saa yake ya mkononi ikisoma saba na nusu, na meli ilikuwa imeshaondoka nusu saa nzima. Alilala Entebbe. Fika saa sita, kata tiketi, kisha tafuta chakula. Siku moja kabla piga simu uhakikishe safari ipo, maana meli nayo huingia matengenezo.

Mkenya na Mnyarwanda wanaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau. Pesa taslimu toa ukiwa bado Entebbe au Masaka. Mawakala wa pesa za simu wapo kisiwani, ila wikendi yenye wageni wengi utaambiwa floti imekwisha, na kubishana hakutaileta.

Hatua ya 3: Ukishuka, agiza chakula kwanza

Hapa ndipo dakika 90 zinapoponyoka. Watu hushuka, hupiga picha gatini, hufika chumbani, huoga, halafu saa mbili usiku wanauliza kuna nini jikoni. Samaki huyo bado hajaparuliwa magamba! Pita jikoni kabla ya kupokea ufunguo. Agiza sato mzima, wa kukaanga au wa mchuzi, na matoke. Sangara ni minofu mizuri, lakini sato ndiye wa kukaa naye mezani.

Salamu pia zina uzito. Kiswahili utakisikia zaidi kwenye mialo ya wavuvi, ambako watu wametoka kila upande. Kwa mzee wa Kiganda anza na "Osiibye otya, ssebo", au "nnyabo" kwa mama, kisha endelea na Kiswahili chako. Baadhi ya wazee bado wanakisikia Kiswahili kama lugha ya askari. Salamu ya Luganda hulegeza uso.

Hatua ya 4: Kagua chumba kukiwa na mwanga

Tandua neti uitazame dhidi ya dirisha. Ukiona tundu, omba nyingine sasa hivi, kwa sababu malaria ipo. Funga madirisha kabla jua halijazama, na taa ya barazani izime. Usiku mwingine visubi wa ziwani huinuka kama moshi juu ya maji na kufuata mwanga. Hawaumi, ila watajaa kwenye chai, nywele na shuka. Chakula usikiache wazi mchana: tumbili wa hapa wanajua kufungua mfuko.

Hatua ya 5: Kabla ya kuingia majini

Ukiona mchanga na miti imeinamia maji utadhani uko Diani, pwani ya Kenya. Hapana. Haya ni maji baridi, na Ziwa Victoria lina kichocho. Mabuu ya minyoo hutoka kwa konokono wadogo na kupenya ngozi, na wewe husikii kitu. Konokono hao hupenda maji ya kina kifupi yaliyotulia, penye majani. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Mimi nimekulia hapa, naogelea, na dawa nameza kila mwaka. Lakini mgeni simwambii kwamba maji ni safi. Kama hoteli ina bwawa la kuogelea, tumia hilo. Ukiingia ziwani, basi kapime wiki sita hadi nane baadaye, na umtajie daktari jina la ziwa, hasa kama unaishi mahali ambapo ugonjwa huu ni nadra.

Hatua ya 6: Usiku wa kwanza

Radi za ziwani hupenda usiku wa manane hadi alfajiri. Bati litanguruma, umeme unaweza kukatika. Chaji simu mapema na weka tochi karibu na mto. Ulichoanika nje kiingize ndani. Safari ya boti kwenda visiwa vingine usiipange alfajiri. Ngoja nahodha alitazame ziwa kwanza, na akisema leo hapana, usimwongezee pesa.

Hatua ya 7: Lipa jioni ya mwisho

Meli ya kurudi Entebbe huondoka Lutoboka saa mbili asubuhi. Mtunza fedha wa hoteli saa moja asubuhi mara nyingi bado yuko nyumbani kwake, kwa hiyo lipa bili usiku, chukua risiti, na mwenye bodaboda mwambie akufuate saa moja kasorobo.